Usawa wa Uwakilishi Uanzie Kwenye Wadi

Uchaguzi Mkuu wa Agosti 10, 2027 nchini Kenya unaelekea kufanyika kwa mipaka iliyochapishwa Machi 2012, ambayo nayo ilichorwa kwa hesabu za sensa ya 2009. Katiba inataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe upya kabla ya miaka 12 kwisha. Miaka hiyo ilitimia Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haina kamishna hata mmoja, na makamishna wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Kwa kuwa mapitio sharti yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi, kazi imesukumwa mbele hadi baada ya 2027. Tangu hapo mjadala umekuwa wa maeneo bunge tu: nani ataongezewa, nani ataunganishwa na jirani yake, na kama idadi yao ya 290 iguswe au isiguswe. Hapo ndipo suala lenyewe linapopotea. Ukosefu wa usawa unaomgusa mwananchi kila mwaka wa bajeti uko kwenye wadi, eneo linalomchagua diwani wa bunge la kaunti, na wadi ndiyo ngazi ambayo sheria imeacha nafasi ya kurekebishwa bila kubadilisha Katiba na bila kuongeza mbunge hata mmoja. Wadi zikiendelea kungojea maelewano kuhusu maeneo bunge, zitangoja sana.

Tuanze na Katiba yenyewe, Kifungu cha 89. Ibara ya kwanza inataja idadi ya maeneo bunge: 290. Ukitaka 291, lazima urekebishe Katiba. Kuhusu wadi hakuna nambari. Ibara ya tatu inasema tume itapitia mara kwa mara idadi, majina na mipaka ya wadi. Neno "idadi" limo kwa wadi. Kwa maeneo bunge halimo, ni majina na mipaka tu. Nambari ya 1,450 tuliyoizoea ilitokana na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na sheria ya kawaida hubadilishwa na Bunge kwa utaratibu wa kawaida. Pia ule muda wa kati ya miaka 8 na 12, ambao umezua kesi na maswali hadi Mahakama ya Juu, umeandikwa kwa ajili ya maeneo bunge. Anayesema kwamba mlango wa wadi umefungwa kwa sababu tarehe ya Machi 2024 imepita anachanganya ibara mbili zilizotenganishwa kwa makusudi.

Kipimo cha usawa nacho kimeandikwa waziwazi. Unachukua idadi ya wakazi wote wa nchi, unaigawanya kwa idadi ya wadi, unapata wastani ambao kila wadi inapaswa kuukaribia. Kwa sensa ya 2009 iliyohesabu watu 38,610,097, wastani ulikuwa kama 26,600 kwa wadi. Kwa sensa ya 2019 iliyohesabu 47,564,296, wastani umepanda hadi 32,803. Katiba inaruhusu wadi kuzidi au kupungukiwa na wastani huo kwa asilimia 30, na kwa majiji na maeneo yenye watu wachache kwa asilimia 40. Kwa hesabu ya 2019, basi, wadi ya kawaida inatakiwa kuwa na watu kati ya 22,962 na 42,644, na ile ya jiji au ya eneo lenye watu waliotawanyika kati ya 19,682 na 45,924. Nafasi hiyo ni pana mno. Wadi moja inaweza kuwa na watu zaidi ya mara mbili ya nyingine na zote mbili zikawa halali. Ndiyo maana inasikitisha kwamba hata ndani ya ukarimu huo wote hatutoshei.

Nairobi ina watu 4,397,073 na wadi 85. Wastani wake ni 51,730, juu ya kikomo cha jiji. Wastani ukishavuka kikomo haiwezekani kabisa kuzichora wadi 85 ndani ya Nairobi zote zikawa halali, hata uwe fundi wa ramani wa namna gani. Zinahitajika wadi 96 kwa uchache. Upande wa pili kuna Lamu, watu 143,920 kwa wadi 10, na Taita Taveta, watu 340,671 kwa wadi 20. Wastani wao ni 14,392 na 17,034, chini ya sakafu ya asilimia 40. Kwa hiyo wadi tatu na nusu za Lamu zinatoshea ndani ya wadi moja ya Nairobi.

Mfano wa Nairobi na Lamu ndio watu hupenda kuutaja, na umeleta picha potovu kwamba hii ni vita ya mji na mashamba. Tazama Kwale. Ni kaunti ya mashambani kwa sehemu kubwa, ina watu 866,820 na wadi 20 tu, yaani wastani wa 43,341 kwa wadi. Taita Taveta, inayopakana nayo, ina wadi 20 vilevile. Mtu wa Kwale ana takriban sehemu mbili kwa tano ya uwakilishi alio nao jirani yake ng'ambo ya mpaka, na hakuna mwenye kusema kwamba Kwale ni jiji linalotaka kumeza wanyonge. Kilifi nayo iko 41,537, ikikaribia kikomo. Anayepunjwa katika Pwani si mtu wa Mombasa peke yake, ni mkulima wa Kwale pia.

Tofauti kubwa zaidi zimo ndani ya kaunti moja, na hizi ndizo zisizotajwa kabisa. Katika Kiambu, eneo bunge la Juja lilikuwa na watu 300,948 katika sensa ya 2019 na lina wadi tano: wastani wa 60,190. Ruiru, iliyomegwa kutoka Juja hiyohiyo mwaka 2012, ilikuwa na watu 371,111 kwa wadi nane, wastani wa 46,389. Gatundu Kaskazini ilikuwa na 109,870 kwa wadi nne, wastani wa 27,468. Watu hawa wanachangia bajeti moja, wanahudumiwa na gavana mmoja, na madiwani wao wanapiga kura katika bunge moja la kaunti. Sauti ya mtu wa Juja katika ukumbi huo haifiki nusu ya sauti ya mtu wa Gatundu Kaskazini. Kajiado hali ni hiyo hiyo: kila eneo bunge lilipewa wadi tano, kana kwamba watu wamegawanyika sawasawa, ilhali Kajiado Kaskazini yenye Ngong na Ongata Rongai ina zaidi ya watu 300,000 na Kajiado Magharibi haifiki 185,000.

Kwa nini hili lizidi kutushughulisha kuliko idadi ya wabunge? Kwa sababu diwani ndiye anayepitisha bajeti ya zahanati, barabara za vijijini, maji, masoko, chekechea na ukusanyaji wa taka. Kaunti nyingi hugawa fedha za miradi na za karo kwa kila wadi fungu lilelile, kwa imani kwamba huo ndio usawa. Chukua mfano wa kubuni: kila wadi ipewe shilingi milioni 20. Kwenye wadi ya watu 60,000 hiyo ni kama shilingi 333 kwa mtu. Kwenye wadi ya watu 15,000 ni shilingi 1,333. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyependelea, kila karatasi imetiwa sahihi ipasavyo, na bado mtoto mmoja amepata mara nne ya mwenzake. Mbunge anaweza kuwa na eneo kubwa mno na bado huduma za kaunti zikafika. Wadi ikizidi, ni huduma zenyewe zinazokosa msemaji wakati wa kugawa.

Hoja zinazopinga usawa wa idadi si za kupuuzwa, na moja yao ni nzito. Inasema kwamba uwakilishi si watu peke yao, ni umbali pia. Diwani wa North Horr, eneo bunge linalotajwa kuwa pana kuliko yote nchini, anaweza kusafiri siku nzima kufikia kijiji kimoja, na ukimwongezea watu umemwongezea kilomita mamia. Ni kweli, na ndiyo sababu Katiba iliweka ule upana wa asilimia 40 na ikataja umbo la ardhi, miji, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni wa jamii. Lakini tuangalie hesabu kabla ya kuitumia hoja hii kama ngao. Marsabit ina watu 459,785 na wadi 20, wastani wa 22,989, yaani imo ndani hata ya kiwango cha asilimia 30, ingawa kwa watu 27 tu. Turkana iko 30,899. Isiolo 26,800. Tana River na Samburu zimo ndani ya asilimia 40. Kaunti pana za wafugaji hazitishwi na usawa. Kwa wastani wao, tayari zimeutimiza. Zilizo nje ya sakafu ni mbili, Lamu na Taita Taveta, na sehemu kubwa ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo, ambako hakuna mpiga kura wa kutembelewa. Ukubwa wa kaunti kwenye ramani si kipimo cha mwendo wa diwani. Kipimo ni umbali kati ya makazi.

Hoja nyingine nzito ni ya jamii ndogo. Lamu Mashariki ina wadi tatu, Faza, Kiunga na Basuba, na kwa sensa ya 2019 watu wake wote walikuwa 22,258. Ukishika kalamu ya hesabu peke yake, eneo bunge zima ni wadi moja. Lakini Basuba ndiko waliko Waaweer, jamii ya watu wachache sana wanaoishi kandokando ya msitu wa Boni, na wadi hiyo ndiyo mlango wao pekee wa kuingia bunge la kaunti kwa kura zao wenyewe. Kuifuta ni kuwanyamazisha. Hapa naona hesabu inapaswa kusimama kando, na tume iandike wazi kwamba imeacha wadi ndogo kwa sababu ya jamii fulani, kwa kifungu fulani. Tatizo ni kwamba hoja ya Basuba huazimwa na wadi ambazo hazina jamii yoyote ya kulindwa, zina diwani wa kulindwa. Kinga ya 2012 iliyozuia eneo bunge lolote lililokuwapo lisipotee, iliyookoa Othaya, Tetu, Kangema, Ndaragwa na mengineyo, ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu na haikuhusu wadi. Anayetaka wadi yake ndogo ibaki sasa atoe sababu ya sasa.

Kuhusu shaka juu ya sensa, nayo ina msingi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilifuta matokeo ya sensa ya 2019 kwa Mandera, Wajir na Garissa na kuamuru watu wahesabiwe upya. Mgogoro huo unaweza kuchelewesha ugavi wa wadi kati ya kaunti, kwa sababu wastani wa taifa unategemea jumla ya nchi. Hauwezi kuchelewesha ugavi ndani ya kaunti ambazo hesabu zao hazina kesi. Watu wa Garissa wakiongezeka au wakipungua, Juja bado ina zaidi ya mara mbili ya mzigo wa Gatundu Kaskazini kwa kila wadi.

Gharama ndiyo hoja inayopendwa na wengi, na hesabu yake kwa kawaida hufanywa nusu. Kila wadi mpya ni mshahara wa diwani, ofisi, wafanyakazi na usafiri. Si hivyo tu. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti, na pengo hujazwa kwa viti maalumu. Fikiria bunge lenye wadi 60 ambapo wanaume 54 wameshinda. Ili 54 wawe theluthi mbili, jumla lazima ifike 81, basi wanahitajika wanawake 27, na kwa kuwa sita wamechaguliwa, 21 watateuliwa. Ongeza wadi mbili zote zishindwe na wanaume: 56 wanadai jumla ya 84. Wadi mbili zimezaa viti vitatu. Anayependekeza kuongeza wadi kila mahali bila kusema hili anauza mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo, gharama ni sababu ya kugawa upya kabla ya kuongeza, wala haiwezi kuwa sababu ya kukaa kimya. Lamu ikishuka hadi wadi saba na Taita Taveta hadi 17 bado zitakuwa juu ya sakafu ya watu 19,682 kwa wastani, na wadi sita zitakuwa zimepatikana bila shilingi ya ziada. Ukiiweka Basuba pembeni na kuhesabu wengine, labda ni nne au tano. Hazitoshi zile 11 za Nairobi, na ni haki kusema hivyo: kuna kiasi fulani cha nyongeza kitakachohitajika, na Bunge litalazimika kubadilisha ile 1,450. Lakini itakuwa nyongeza ya makumi kwa hesabu inayoonekana, haitakuwa mamia.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo inazidi kupata wafuasi, ni kwamba wanaopaswa kuhesabiwa ni wapiga kura waliosajiliwa na siyo wakazi. Husemwa kwa lugha tamu ya mtu mmoja, kura moja. Kwanza, Katiba imesema wakazi, na haikuteleza. Neno hilo limerudiwa katika ibara ya tano, ya sita, ya saba na hata katika tafsiri ya wastani wenyewe mwishoni mwa kifungu. Pili, diwani hawakilishi waliomchagua tu. Mtoto wa chekechea hana kura lakini chekechea ni kazi ya kaunti. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, usajili wa wapiga kura huanza na kitambulisho cha taifa, na vijana wa mipakani na wa kaskazini wamekuwa wakisubiri vitambulisho kwa muda mrefu kuliko wenzao. Ukihesabu waliosajiliwa, umemnyima kijana kitambulisho, kisha ukamnyima wadi kwa sababu hana kitambulisho. Nne, daftari la wapiga kura linaweza kujazwa kwa mabasi. Mtu husajiliwa kituo anachotaka, si lazima awe analala hapo. Kampeni moja yenye fedha inaweza kuongeza maelfu katika wadi kwa mwezi mmoja. Sensa huhesabu watu walikolala usiku mmoja nchi nzima. Ni kweli Uingereza hutumia waliosajiliwa kwa maeneo yake ya ubunge, kwa kikomo kikali cha asilimia 5. Lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoulizwa mwaka 2016, ilikubali majimbo yatumie idadi ya watu wote, ikieleza kwamba kiongozi huwatumikia wakazi wote, wenye kura na wasio na kura.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje? Hapa ndipo nia njema huharibika, kwa hiyo tukae kidogo. Mpaka wa wadi hauchorwi kwa rula. Mwaka 2012 wadi nyingi zilielezwa kwa orodha ya kata ndogo, yaani vitengo vidogo vya utawala wa serikali: wadi hii ina kata ndogo hizi na hizi. Ni njia ya haraka, kwa sababu sensa hutoa idadi ya watu kwa kila kata ndogo. Kasoro yake ni mbili. Mashambani, wizara inayosimamia utawala huunda kata ndogo mpya baada ya ramani kutoka, kata ndogo moja huzaa mbili, na orodha iliyoko kwenye sheria hubaki ikitaja jina ambalo mipaka yake imebadilika. Wazee wawili wa kijiji wataapa kila mmoja kwamba mto ndio mpaka, na kila mmoja ana mto wake. Mjini kasoro ni kinyume: kata ndogo moja ya mtaa wa ghorofa inaweza kuwa na watu wengi kuliko wadi nzima inavyoruhusiwa, hivyo lazima ipasuliwe.

Kipande kidogo zaidi cha kupasulia ni eneo la kuhesabia watu, lile alilopewa karani mmoja wa sensa. Huwa na takriban kaya 100. Kwa wastani wa watu 3.9 kwa kaya uliopatikana 2019, kipande kimoja ni kama watu 390. Ukitaka kuhamisha watu 5,500 kutoka wadi iliyofurika hadi jirani yake, unahamisha vipande 14 vinavyoshikana, visiache kisiwa katikati, vikomee kwenye barabara, reli au mto ambao kila mtu anaujua. Ukifika kwenye vipande, ramani inakubali marekebisho ya mamia ya watu, nayo mamia yana maana. Juja ikigawanywa wadi saba wastani ni 42,993, na kikomo ni 42,644. Watu 349 wanaozidi kwa kila wadi wanatosha kuifanya saba isiwe halali na kudai ya nane, isipokuwa mpaka wa eneo bunge lenyewe usogezwe. Ndiyo sababu wadi na maeneo bunge hatimaye lazima zizungumze. Lakini ya nane inaweza kuchorwa huku mazungumzo ya ubunge yakiendelea.

Baada ya watu huja vituo vya kupigia kura, na hapa ndipo makosa mengi yasiyoonekana huzaliwa. Daftari linamfunga mpiga kura kwenye kituo, mara nyingi shule ya msingi, halimfungi kwenye nyumba yake. Kila chumba cha kupigia kura hakipaswi kuzidi watu 700, kwa hiyo shule moja yenye watu 3,000 ina vyumba vitano. Mpaka mpya ukipita nyuma ya shule, watu waliosajiliwa pale wanaishi pande zote mbili, na tume haina namna ya kujua nani ni wa upande gani. Ukiacha hivyo, mamia watapewa karatasi ya diwani asiye wao, na wadi yao halisi itakosa kura zao. Tiba ni kufanya mambo kwa mpangilio: chora mstari wa muda kwa vipande vya sensa, weka juu yake vituo vyote, tafuta vituo vilivyo karibu na mstari, sogeza mstari pale inapowezekana ufuate eneo ambalo kituo kinahudumia, na pale isipowezekana fungua kituo kipya upande wa pili na uwaite waliosajiliwa kuchagua upya kabla ya daftari kufungwa. Ukianza na vituo kwanza, kama baadhi ya wanasiasa wanavyopenda, utaishia kuchora wadi za waliosajiliwa kwa mlango wa nyuma.

Kuna uamuzi mmoja ambao lazima ufanywe kabla ya mstari wowote kuchorwa: eneo lenye watu wachache ni lipi? Katiba imelitaja bila kulipima. Tume ikisubiri hadi ramani iko mezani ndipo iseme wadi fulani inastahili asilimia 40, kila atakayepoteza ataona mkono wa mtu. Kipimo kitangazwe mapema kwa watu kwa kilomita ya mraba inayokaliwa, mbuga na misitu ikiwa imeondolewa, kisha kitumike kote bila kuuliza nani anatoka wapi. Vilevile kwa wadi zitakazolindwa kwa ajili ya jamii ndogo: orodha na sababu zitoke kwanza, ramani baadaye. Katiba inampa yeyote siku 30 baada ya kuchapishwa kufika Mahakama Kuu, na mahakama miezi mitatu ya kuamua. Mapitio ya 2012 yalileta zaidi ya kesi 100. Kesi zinazoshinda kwa urahisi ni zile ambazo tume imetenda tofauti kwa watu wawili wenye hali moja bila kuandika kwa nini.

Kalenda inasema nini? Mipaka mipya huanza kutumika Bunge linapovunjwa baada ya kuchapishwa, kwa hiyo kazi itakayofanywa baada ya 2027 ni ya uchaguzi wa Agosti 2032, na lazima iwe imekamilika kufikia Agosti 2031. Sensa ijayo, tukifuata desturi ya kila miaka 10, ni 2029. Ile ya 2019 ilifanywa Agosti na matokeo ya kwanza yakatoka Novemba. Ikiwa hivyo tena, kati ya takwimu mpya na siku ya mwisho kutakuwa na kama miezi 20, na ndani yake kuna mikutano ya umma katika kaunti 47, uchapishaji, na ile miezi minne ya mahakama. Ni muda mfupi lakini unatosha, kwa sharti kwamba mambo yasiyotegemea sensa yawe yamekwisha. Ramani ya kata ndogo zote na vipande vyake iwe ya kidijitali na iwekwe wazi. Vituo vyote vya kupigia kura viwe na alama zake za mahali. Bunge liwe limeamua kama 1,450 inabaki au inaongezwa, na kwa kiasi gani. Kipimo cha watu wachache kiwe kimechapishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kura ya maamuzi, wala linalohitaji mbunge yeyote kupoteza kiti.

Na wakati huo wote, kaunti zina dawa ya muda mikononi mwao. Bunge la kaunti linaweza kupitisha mwaka huu wa bajeti kwamba fungu la wadi lifuate watu, angalau kwa sehemu: nusu igawanywe sawa kwa kila wadi ili wadi ndogo na za mbali zisikauke, nusu nyingine ifuate idadi ya wakazi. Katika ule mfano wa shilingi milioni 20, chukua wadi ya 60,000 na ya 15,000 zikiwa na milioni 40 kwa pamoja. Milioni 20 zinagawanywa nusu kwa nusu, milioni 20 nyingine zinagawanywa 16 kwa 4. Wadi kubwa inapata 26, ndogo 14. Kwa mtu mmoja ni shilingi 433 dhidi ya 933, bado ndogo imetangulia, lakini pengo la mara nne limekuwa la mara mbili na kidogo. Madiwani wa wadi zilizofurika wana hoja hii tayari, na huko Kiambu, Kajiado na Kwale hawahitaji kungojea tume kuileta ukumbini.